Kwa Nini Ndege Yako Haipandi

Mjukuu wangu Idrisa, marahaba. Barua hii ninaisoma kwanza mbele ya kaka yangu mkubwa, wazazi wako, shangazi zako na wadogo zako, hapa Mafiga. Sote wazima, bibi yako amepona mafua.

Unauliza kwa nini ndege ya abiria kwenye mchezo wa kompyuta yako inajikokota, haipandi. Yangu nayo iligoma, miaka ile biashara huria ilipotuletea kompyuta za mitumba na kiwanda chetu kikafungwa. Nilipunguza mafuta, nikapunguza mizigo, nikakagua injini, wapi! Dirishani ukungu ulikuwa umeifunika Uluguru, nyumba kimya. Mwishowe nikaona magurudumu hayajakunjwa. Kuyakunja ilikuwa kazi ya rafiki yangu Shabani, aliyezoea kukaa kando yangu. Kila tuliporuka alinitania: "Nakunja miguu, rubani, hatuendi kulima!" Naye alikuwa amehamia Gairo kutafuta riziki. Niliyakunja mwenyewe, ndege ikapanda, nami nikaizima kompyuta, maana hapakuwa na wa kushangilia naye.

Kagua magurudumu, Idrisa. Lakini umeandika pia kwamba tangu ufike Mwanza hujala na mtu. Kwa hiyo, ndugu zangu mnaonisikiliza, nimeamua: Hamisi, mdogo wake Idrisa, apande basi stendi ya Msamvu Jumamosi, akakae naye likizo yote. Baba yao akate tiketi leo.