Doto, Barabara Imefika Mlangoni

Doto wangu,

Barabara imefika. Sijui nianzie wapi pengine, maana hilo ndilo neno ulilolisubiri kuliko yote. Nakuandikia nikiwa hapa gengeni. Nyanya zimejaa vumbi jekundu mpaka nazifuta kwa kanga kila saa, na mitambo inanguruma huko bondeni kiasi kwamba mteja akiuliza bei lazima nimwangalie midomo. Wewe ungeshangilia. Mimi nalia, na watu wanadhani ni vumbi.

Unaikumbuka mikutano ya mtaa? Mtendaji akifungua kinywa tu, mkono wako uko juu. Soko, barabara, mikopo ya vikundi vya akina mama: wimbo wako ulikuwa huo huo. Mwenyekiti alishatuchoka pacha wawili tunaofanana, akawa ananigombeza mimi niliyenyamaza: "Wewe Doto, kaa chini, barabara ipo kwenye bajeti!" Na siku ile ukamjibu mbele ya watu wote, "Siku ikifika hapa kwetu, mwenyekiti, nitatandika mkeka katikati yake nilale, nyie mnizunguke." Walicheka mpaka mkutano ukavunjika.

Basi sikiliza yaliyotokea. Soko jipya limeshapauliwa pale palipokuwa uwanja wa mpira, lina vizimba vya zege, lina na choo. Nimepata kizimba upande wa mboga, nahamia likifunguliwa. Kikundi chetu, baada ya kuzungushwa mno, kimepata mkopo wa halmashauri na tumenunua mashine ya kukoboa mpunga. Nafasi yako ameishika Mama Masanja. Anajitahidi, ila hajui kubishana. Na barabara inapanuliwa iwekwe lami, kutoka mjini Mpanda mpaka kwetu na kuendelea. Yaani kila ulichokipigia kelele kimekuja, na mimi sina furaha nacho hata kidogo.

Kila greda likipita bondeni naiona ile pikipiki imezama kwenye tope, wewe katikati yangu na dereva, uchungu umekushika, maji ya majaruba ya mpunga yametufika magotini. Tukakubeba kwa kanga. Ukaniambia, "Kulwa, usiniache njiani." Sikukuacha, lakini mjini hatukufika. Mtoto alitoka palepale kwenye nyasi, hakulia, na wewe ukamfuata kabla sijamaliza kumfunika. Leo hapo wameweka kalavati kubwa, mtu anapita na baiskeli bila kushuka. Nina hasira nalo, Doto. Mtu mzima mimi, nalikasirikia kalavati.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Unajua tulikuzika mbele ya nyumba, upande wa barabara, na mwanao tukamlaza mkononi mwako. Aliyechagua mahali ni mayu. Alisema, "Mwanangu hakupenda kukaa uani, alipenda kuwaona waendao sokoni." Baba mdogo akanong'ona kwamba pale ni karibu mno na njia, lakini siku ile nani angebishana na mama yetu?

Mwaka jana wakaja wapimaji. Walitangaza kwa kipaza sauti kwamba watapita kuandika nyumba na makaburi yote yaliyo ndani ya eneo la barabara, ili yahamishwe kwa utaratibu. Mimi nilikuwa Mwamkulu kwenye mavuno ya mpunga. Niliporudi, kaburi lako silioni. Mayu alikuwa ameng'oa msalaba akauchomeka juu kwenye kenchi za paa, akapitisha jembe, akainua matuta, akapanda viazi vitamu. Wapimaji walipita, wakaona bustani ya viazi, wakaendelea na safari yao. Majirani wakafunga midomo. Aliyefiwa hasemelewi.

Nilipomuuliza, alijibu bila kuniangalia. "Tangu tutoke Usukumani na ng'ombe, kila tulipopiga kambi nimeacha kaburi. Baba yenu yuko porini Tabora, kaka yenu yuko Inyonga. Hakuna hata moja nililorudi kulipalilia. Huyu hahami. Wakimwandika tu, watamhamisha." Nikaenda jikoni nikashika kichwa. Yeye alidhani akikuficha wasikuone watu wa barabara, na barabara yenyewe itakukosa.

Viazi vile viliota vizuri mno, majani yakafunika kila kitu. Hakuna aliyevichimba.

Wiki iliyopita wakapiga vigingi. Kimoja kimesimama katikati ya matuta yako. Makaburi ya majirani yalihamishwa kwa heshima zote, wengine na padri wao, wengine na shehe wao, kila mmoja na jeneza lake dogo la mbao. La kwako halikuandikwa, kwa hiyo kwao halipo. Nilikwenda kwa mtendaji. Ni kijana mpole, alinikalisha. "Dada Kulwa, pale hakuna kaburi," akasema. Nikamwambia lipo. "Sasa mbona hamkusema?" Nimwambie nini? Nimwambie mama yangu amechoka kuacha watoto njia nzima? Nilimwambia hivyo hivyo. Akasimama, tukaongozana kwa msimamizi wa mitambo na kwa bwana afya. Bwana afya hakuzungusha maneno: "Fukueni wenyewe, nyie ndugu, mimi nitasimama hapo. Lakini Ijumaa mchana mtambo unapita."

Mayu alikataa. Alikwenda kukaa juu ya tuta, miguu ameinyoosha, chakula hataki, na kila aliyemsogelea alimfukuza. Nikapiga magoti pale kwenye majani nikambembeleza. Akanicheka, Doto. "Si alisema mwenyewe atalala katikati ya barabara? Basi mwacheni alale." Alicheka mpaka kile kicheko kikageuka, na sijawahi kusikia sauti ile ikitoka kwa mama yetu, hata siku tuliyokuzika. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilisubiri. Kisha nikamwambia, "Mayu, malori ya mahindi yatapita juu ya mtoto." Sikusema juu ya Doto. Nilisema juu ya mtoto.

Aliinuka. Aliingia ndani akarudi na msalaba, akauegemeza ukutani, halafu akashika jembe lake na kuanza kuchimba viazi mwenyewe, taratibu, kimoja kimoja, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Ni vikubwa. Ameviweka kwenye beseni pembeni ya nyumba na vitaozea hapo.

Limebaki jambo moja, nalo nimeligombania. Baba mdogo alisema mwanamke hashuki kaburini, wanaume watatosha. Nikasema hapana. Akasema ni mila. Nikamwambia mila naijua, lakini wanaume wale watatafuta mtu mmoja, na mle ndani mko wawili. Mifupa ya mwanao itakuwa midogo kama ya kifaranga, jembe la mwenye haraka litaitupa nje na udongo na hakuna atakayejua. Bwana afya alikuwa anasikiliza, akavua kofia yake. Hakujua kama mko wawili. Baba mdogo akasema, "Haya. Pacha ni pacha."

Kesho ndiyo Ijumaa. Jeneza liko chumbani kwetu. Nimenunua shuka kubwa na shuka ndogo, lakini mtalala pamoja kama mlivyolala. Mahali penyewe ni kwenye mwinuko nyuma ya soko jipya. Si pabaya. Ukitega sikio utasikia watu wakipatana bei, na nikichelewa kufungua utakuwa wa kwanza kujua. Mayu ameshasema atakwenda kupalilia kila Jumapili, na kwa kuwa hakuna tena ng'ombe wa kutuhamisha, namwamini.

Lakini naogopa. Sitakudanganya. Naogopa kukuta kanga ile ya maua uliyokuwa umejifunga, maana ninayo mwenzake, tulinunua doti moja tukagawana. Nilitaka kuivaa kesho, nikaikunja nikairudisha.

Natua kalamu, mteja amesimama. Pumzika usiku huu wa mwisho mbele ya nyumba yetu. Kesho ukisikia majembe usishtuke, wataishia juu juu, halafu nitashuka mimi kwa mikono. Tumboni mwa mayu nilitangulia kutoka na wewe ukanifuata. Kufa ukanitangulia. Kesho natangulia mimi tena, na mkono wa kwanza kukugusa utakuwa wangu. Sitapanda juu kabla sijampata na mdogo, hata kama mtambo umewashwa na unasubiri.

Uliniomba nisikuache njiani. Sikuachi.

Pacha wako,
Kulwa