Kimya cha Sura ya Nne

Ndugu yangu mpendwa Gedion,

Salamu nyingi kutoka huku Kabati. Natumaini barua hii inakupata ukiwa mzima na unakula chakula, si chai na mkate tu. Sisi tuko salama, Mungu anatusaidia. Leyla anaota meno na halali, kwa hivyo hata mimi silali. Nakuandikia kwa sababu nikikupigia simu unasema uko darasani, halafu unakata.

Gedion, hiyo sura ya nne ya utafiti wako uliyotutumia tuangalie kama ina kosa, tumeiangalia. Ungekuwa karibu ningekuvuta sikio. Mimi niliishia kidato cha nne, na hiyo digrii yako ya pili ya mawasiliano ya tamaduni mbalimbali siielewi sana, lakini kusoma najua. Umeijaza sura nzima na ile siku ulikuja bila kutuambia, ukaweka simu mezani ikirekodi. Eti nyumba ilikuwa na kimya kizito. Eti mama mkwe wa Kisomali hakutaka kumtazama mgeni Mkamba, macho yake yalikuwa mlangoni tu, ishara kwamba hajaikubali ndoa ya mwanawe. Eti mimi nimebanwa katikati na siwezi kusema. Nani alikuambia mimi siwezi kusema?

Mume wangu Adow, na upole wake, alikaa akamsomea mamake kwa Kisomali, akidhani wamesifiwa. Alipofika hapo pa macho akanyamaza, lakini mama akamwambia amalize. Mama mkwe wangu Nadifa hakulia. Aliuliza tu alikukosea nini, na ni yeye alikupikia wali na nyama ya mbuzi ukaongezwa mara mbili. Kisha akasema kama kukaa kwake hapa kunaharibu jina la nyumba yangu, basi afadhali arudi kwao Wajir. Jana ametoa begi chini ya kitanda. Akienda huyo, Gedion, mimi nimekwisha.

Umekuja hapa na maswali mpaka nikachoka. Uliniuliza najisikiaje mume wangu akisali. Uliniuliza ni nani anaamua chumvi ya mboga, jamani. Hujaniuliza hata siku moja kama namkosa Mama. Unajua Baba alikataza mtu yeyote wa kwetu Mbooni kukanyaga hapa tangu niolewe na Adow. Wewe alikuruhusu kwa sababu ulisema ni masomo.

Sasa nikuambie jambo, na usiliweke kwenye kitabu. Siku hiyo Mama alikuwa chumbani. Ndiyo, mama yetu. Tangu Leyla azaliwe, yeye humwambia Baba anapeleka avokado soko la Kabati, anaziuza mbio mbio, halafu anakuja kwangu. Aliposikia sauti yako alinyakua mtoto akaingia nyuma ya pazia, kwa sababu wewe Baba akikuuliza kitu unamwaga yote. Na alikuwa na kikohozi. Sote tulikuwa tunaomba asikohoe! Mama mkwe alitazama mlango kwa sababu viatu vya Mama vilikuwa pale, vile vya plastiki vya kijani. Wewe ulivua vyako ukaviweka kando ya hivyo, wala hukuvitambua.

Usidhani hao wawili ni malaika. Mama anasema chai ya Nadifa imejaa viungo, si chai, ni dawa ya kifua. Nadifa anamfunga Leyla kitambaa kichwani, Mama anafungua, Nadifa anafunga tena. Huyu Kikamba, huyu Kisomali, na wanajibizana. Mimi huenda zangu kuosha vyombo.

Ni Mama mwenyewe amesema nikueleze yote. Baba ataambiwa na Mama mwenyewe, usimtangulie. Wewe ondoa hiyo sura, hata kama mwalimu wako ameipenda namna gani. Halafu uje umwombe Nadifa msamaha kwa mdomo wako, na hiyo simu ikae mfukoni. Nilikubeba mgongoni ukiwa mdogo na nakupenda, lakini kwa hili sibadilishi.

Adow anakusalimu, ingawa kwa ufupi. Leyla anakusalimu kwa makelele. Mama pia anakusalimu sana. Yuko hapa tangu asubuhi. Nadifa anataka kupanga nguo zake aondoke, lakini Mama amelikalia lile begi anachambua ndengu, na akiambiwa ainuke anajifanya hasikii.

Ni mimi dada yako,
Mumbua