Isale kwa Bwana Ardhi

Jumatano, 3 Julai 1996

Wamekuja na rangi nyekundu. Vijana wawili na kopo, na nyuma yao Bwana Ardhi wa wilayani, Gidioni, kavaa koti zito kama baridi ya Julai inamshangaza – na yeye ni mtoto wa Old Moshi, mlima huu huu! Wamechora X kwenye ukuta wangu, karibu na dirisha la jikoni. Kubwa. Rangi ikachuruzika mpaka kwenye sufuria nilizoanika.

Nikauliza kwa adabu, mwanangu, hii ni ya nini? Akasema kitongoji chote ni eneo la serikali, ramani inaonyesha hivyo tangu mkoloni, sisi ni wavamizi. Sasa amepewa mwekezaji, anajenga hoteli ya watalii. Tuhame kabla mwezi haujaisha. Tutapewa viwanja kule chini, tambarare.

Kule chini! Kule mgomba unakufa umesimama.

Mvamizi. Mimi. Leodegar, mume wangu, amelala nyuma ya nyumba, na baba yake, na mama wa baba yake. Vitovu vya wanangu vimezikwa humu kihambani, kwenye migomba ya ukoo. Mvamizi gani anazika?

Bibi Mektrida, mama mkwe wangu, haoni vizuri siku hizi. Akauliza harufu gani hiyo. Nikasema rangi. Akasema, "Wanatupambia?"

Alhamisi, 4 Julai

Sikulala. Binti yangu Evaline hataki kwenda shule, anaogopa akirudi asikute nyumba. Nimempeleka nimemshika mkono, msichana wa darasa la sita!

Kaka yake Filbert karudi kutoka mlimani, alipandisha mizigo ya watalii. Kaiona X. Kanawa miguu, kala, kanyamaza. Kijana huyu akinyamaza hivyo ana jambo moyoni. Baba yake alikuwa hivyo hivyo.

Jumamosi, 6 Julai

Leo nimecheka. Naandika nisije nikasahau kwamba nilicheka.

Jirani yangu Tereza kaja asubuhi na wanawake wa kitongoji, kila mtu na ndoo. Mdomo wa Tereza hauna kitasa. Kasimama mbele ya X yangu, mikono kiunoni – "Mwalimu katusahihisha! Tumekosa hesabu gani sisi?" Akachota udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, pwaa! juu ya rangi. Kumbe ndiyo mpango. Msaragambo, kazi ya wote, kama siku ya kusafisha mfongo, mfereji wetu wa maji, ila leo tunasiriba kuta. Nyumba za udongo tukasiriba udongo, za tofali tukapaka chokaa. Wanaume walikaa pembeni, wanasema mtatufungisha ninyi. Tereza akawaambia basi kapikeni mtori, sisi tuna kazi.

Hatupigi mtu, hatutukani mtu. Wakichora tunafuta. Wakichora tena tunafuta tena. Na hakuna kuhama. Ndivyo tulivyokubaliana.

Jioni hapakuwa na X hata moja. Bibi akapapasa ukuta wetu akasema hapa pamesiribwa vibaya, nani huyu? Mimi, mama. Akaparudia mwenyewe kwa kiganja chake.

Mikono bado inanuka. Ee Ruwa, Mungu wetu, acha iwe hivi hivi.

Jumanne, 9 Julai

Wamerudi na askari. Wamechora tena, juu ya udongo ambao haujakauka. Na safari hii wamepigilia vigingi vya chuma ndani ya migomba. Kimoja karibu kabisa na kaburi la Leodegar.

Filbert kaking'oa. Mbele yao! Kakitikisa kama anang'oa jino, kakitoa, kampa Bwana Ardhi mkononi. "Mmesahau kitu chenu, kaka." Watu wakacheka. Hicho kicheko ndicho kilichomponza. Wakamkamata. Mimi nilishika shati lake, nikabaki na mfuko.

Mfuko ninao hapa mezani.

Jumatano, 10 Julai

Kituoni wamesema niende na wakili. Wakili gani? Nimemwachia ndizi za kuchoma. Sijui kama zimemfikia.

Ijumaa, 12 Julai

Nimefanya nini mimi.

Niandike kwa mpangilio. Jana jioni Tereza alikuja akasema, huyu Gidioni si mtu wa mbali, ni Mchagga, kazaliwa ndani ya migomba kama sisi. Tumpelekee isale. Mchagga akipelekewa isale hawezi kukataa, hata kama umemwaga damu ya ndugu yake. Jani tu la mpakani, mbuzi hali, lakini likishaingia mkononi mwake lazima asamehe. Atamwachia Filbert, na hizo X zake atafuta mwenyewe.

Bibi alikuwa anamenya ndizi. Akasema, "Isale hupelekwa na mkosaji. Ninyi mmekosa nini?"

Tereza akamwambia, Bibi, hayo ni ya zamani, sasa hivi tunatafuta njia. Nilikuwa namfikiria Filbert analala kwenye saruji, baridi inamwingia kifuani. Asubuhi nikakata isale mwenyewe, nyuma ya kaburi, nikalipiga fundo kama nilivyoona wazee wakifanya. Bibi alisikia panga. Akageukia ukutani.

Tukashuka wanawake peke yetu, tumevaa nguo za kanisani. Wakatusimamisha nje ya ofisi mpaka jua likatuchoka. Halafu akatoka. Wakanisukuma mbele – wewe ndiye mjane, wewe ndiye mama wa kijana. Nikapiga goti, nikanyoosha isale kwa mikono miwili.

Akalitazama. Nikaona anajua. Uso wake ukabadilika, kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni. Tereza akanifinya mgongoni kwa furaha.

Akalipokea. Kwa mikono miwili! Vigelegele!

Halafu akasema kwa Kichagga, polepole, kila mmoja asikie: Mama zangu, mmekuja na isale, mmekiri kosa. Na mimi siwezi kukataa, nimesamehe. Kesi ya kufuta na kung'oa alama za serikali imekwisha. Kijana atatoka kesho. Lakini mnajua kuliko mimi – aliyesamehewa kwa isale harudii kosa lile.

Vigelegele vikakatika. Cha Tereza kikachelewa kunyamaza, kikabaki peke yake pale juani.

Tulipanda kurudi nyumbani. Bibi aliacha chakula changu kimefunikwa.

Jumamosi, 13 Julai

Filbert yuko nyumbani. Shingo imekonda. Nimempikia machalari ya ndizi na nyama, kayageuza geuza na kijiko.

"Mama, umewaambia tumekosa?"

Nikamwambia nilikuwa nakutaka wewe.

"Ungeniacha."

Mtoto anamwambia mama yake ungeniacha! Nimetoka nje nikashona mfuko wa shati lake. Nimelikunja juu ya kitanda chake. Hajaligusa.

Jumatatu, 22 Julai

Wamechora mara ya tatu, maana zile za pili zilibanduka na udongo mbichi. Hakuna aliyebeba ndoo.

Nimepita nyumba kwa nyumba. Yuditha wa kona kaniangalia miguu, si uso. Akasema, Mama Filbert, tulipeleka isale. Nikifuta tena, wanangu watapatwa na jambo. Wengine wote maneno hayo hayo. Sikuwabishia. Mimi mwenyewe naogopa. Nilinyanyua udongo juzi, nikaurudisha ndani ya ndoo.

Wa kwanza wameanza kuhama. Wanaezua bati wenyewe, wanapakia kwenye lori. Nyumba bila bati – kama mama mzee aliyevuliwa kilemba mbele za watu. Tereza bado yupo lakini hana mzaha tena. Yuko kwenye kahawa yake tangu asubuhi, anachuma nyekundu, anachuma na mbichi. Nikamwambia Tereza, hizo bado. Akasema, "Zitamngoja nani?"

Jioni Bibi kaniita. Akasema, mimi sikwenda ofisini. Mimi sijapeleka isale kwa mtu. Niletee udongo.

Nikamletea. Akasiriba X yetu kwa kupapasa, mimi namwongoza: kushoto, mama. Juu kidogo. Hapo. Amebakiza mguu mmoja wa X, ule wa juu, hafiki. Mimi nafika. Sikunyanyua mkono.

Jumapili, 28 Julai

Kanisani padre ameomba subira kwa familia zinazohama. Subira! Nimeangalia mabenchi, nusu hayana watu. Waliobaki tuliimba kwa sauti ndogo kama kuna mgonjwa amelala.

Evaline anauliza babu yake na baba yake wao watahamishwa lini. Nimemwambia kalale.

Jumatano, 31 Julai

Tingatinga limefika. Naandika ndani, mlango nimeupiga komeo. Evaline yuko juu ya gunia la kahawa na rozari. Injini inanguruma nje, vikombe vinagongana kabatini.

Lakini halitembei. Dereva amegoma! Ni mtu wa Kibosho, Mchagga mwenzetu. Nimemsikia dirishani anabishana: bosi, hapa kuna makaburi, sipiti juu ya wafu wa watu bila wenyewe kuridhia, na mimi nina watoto. Gidioni akamwambia kitu kwa ukali. Dereva akateremka, akaketi chini, akawasha sigara.

Basi Gidioni akaenda pembeni, mpakani kwangu, kwenye masale yangu. Akakata moja. Akalipiga fundo, vizuri kuliko nilivyolipiga mimi. Sasa amesimama nje ya mlango na koti lake lile lile.

"Mama Filbert, toka, mama. Nimekuja kwako."

Sasa mkosaji ni yeye! Imemchukua mwezi mzima kujua. Sauti yake kama mtoto aliyevunja mtungi. Na mimi nikilitazama lile jani kwenye ufa wa mlango natamani nicheke, natamani nilie, sijui.

Nikilipokea, nimesamehe. Dereva atazima sigara na kupanda. Nisipolipokea – amelisema hilo pia, bila hasira, kama anazungumzia mvua – mchana ataleta dereva kutoka mashamba ya miwa kule chini, mtu wa mkoa mwingine, hajui isale wala kihamba. Huyo atapita tu. Kwa hiyo litapita. Nyumba hii haitakuwepo jioni, najua, hata nikiandika vipi najua.

Na Filbert amekaa juu ya kaburi la baba yake. Askari wamemzunguka. Nimemwona kwenye ufa. Amevaa lile shati, mfuko niliushona umepinda kidogo. Nikitoka nikapokea, labda watamwacha ashuke kwa miguu yake. Nisipopokea sijui atashukaje pale. Mtoto wangu. Aliniambia ningemwacha.

Bibi yuko hapa chini karibu na miguu yangu na beseni la udongo. Evaline alimchanganyia asubuhi, mimi nilidhani ni ubishi wa uzee. Nimemuuliza, mama, nifanye nini? Akasema anayepokea isale ni mwenye mikono miwili mitupu, si yenye udongo. Basi.

Gidioni anaita tena. Sasa kwa Kichagga, mke wa Leodegar. Hakuna aliyeniita hivyo tangu tumzike.

"Anakuita," Evaline kasema. Namsikia, mwanangu.

Dereva amezima injini. Au imezimika. Vikombe vimetulia. Kimya mpaka namsikia Filbert anakohoa kule nje, kikohozi cha kile kituo. Na Gidioni anapumua mlangoni, karibu kabisa. Hagongi. Hawezi kugonga, mikono yake miwili imeshika jani.

Bibi anasukuma beseni kwa mguu. Limefika kwenye kiti changu. Mkono wa kushoto nimeshautumbukiza, udongo ni wa baridi, laini, amechanganya vizuri mtoto huyu.

Wa kulia bado una kalamu.