Mgonjwa Wangu Amepona, Hataki Nimruhusu

Mshauri wangu mpendwa,

Nakuomba unisaidie kabla sijaifunga kwa hasira kazi niliyoianzisha kwa mikono yangu mwenyewe. Mimi ni nesi, nimefanya kazi wodi ya upasuaji miaka mingi mpaka miguu ikawa inavimba, ndipo nikapiga moyo konde nikaaga, nikaanzisha huduma yangu ya kuuguza watu majumbani, nafunga vidonda, naogesha waliopooza, nawafundisha kutembea tena, na sitanii nikikuambia kazi hii naijua, madaktari wenyewe hunipigia simu wakinielekezea wagonjwa wao. Nina wahudumu wawili niliowafundisha mimi, na mdogo wangu wa kike, tumbo moja, ndiye anayeshika simu na kupanga nani aende wapi, na kusema kweli bila yeye nisingefika popote.

Sasa sikiliza. Wodini tulikuwa na desturi, mgonjwa akipata nafuu unamsimamisha, unamtembeza kutoka kitandani hadi mlangoni na kurudi, akiweza unawaita ndugu zake unawaonyesha namna ya kumtunza, unamruhusu, unatandika kitanda upya kwa ajili ya mwingine anayesubiri kwenye korido, na desturi hiyo nimehama nayo mpaka kwenye biashara bila hata kufikiri, kila nyumba ninayoingia siku ya kwanza nasema, "Siku utakayotembea mwenyewe hadi getini na kurudi, nakuruhusu," na kweli wanatembea, na kweli nawaruhusu, tunakumbatiana, nachukua begi langu naondoka. Mdogo wangu anashika kichwa. "Dada, mwenye duka gani anamwambia mteja asirudi?" Nikamjibu kwamba sisi hatuuzi sukari, akaninunia.

Hayo ningeyavumilia, isingekuwa mzee mmoja fundi cherehani, aliyefiwa na mkewe, anakaa peke yake. Alipata kiharusi, mkono na mguu wa kushoto vikalegea, cherehani ikafunikwa shuka, watoto wake wanaishi mbali wakamkabidhi kwangu, na mshauri, mzee yule nilimshughulikia kama baba yangu mzazi, akasimama, akaanza kufunga vifungo vya shati mwenyewe, lakini kila nikimpeleka kwenye mtihani wa geti, tukifika katikati ya ua anashika ukuta anahema, "Sista, mguu umegoma," basi tunarudi ndani najua bado kazi ipo. Juzi nimetoka kwake, niko njiani nikakumbuka nimesahau kipimo cha presha, nikarudi, mlango uko wazi, namkuta mzee amesimama juu ya stuli anatundika pazia.

"Mzee, umepandaje huko?"

"Kupanda hakuna shida, Sista," akaniambia, wala hakuona haya. "Kushuka ndiko kunanisumbua."

Nilicheka mbavu zikauma, naye akashuka, tena vizuri kabisa, akakaa karibu yangu na uso wake ukabadilika. Akaniuliza, "Sasa ukiniruhusu, nani atanibishia hodi hapa?" Nikachukua kipimo changu nikaondoka. Baadaye binti yake akapiga simu kama kawaida yake, baba anaendeleaje, na mimi, mtu ninayejua kuwaambia ndugu wa wagonjwa ukweli hata ukiwa mchungu, nikajibu, "Tunaendelea naye." Tangu siku hiyo sina raha, najiona mwizi aliyevaa sare safi.

Mdogo wangu anasema mzee mwenyewe anataka, watoto wake wanalipa bila kunung'unika, kwa hiyo nani kaumia, na nikimwachia mteja huyu yeye anatafuta kazi kwingine. Mume wangu anasema nirudi wodini, huko ukimruhusu mgonjwa hakuna wa kukununia, na nesi mkuu wangu wa zamani kaniambia nafasi yangu ipo ila anataka jibu wiki hii. Niambie mshauri wangu, nimruhusu mzee nimkose yeye na mdogo wangu kwa mpigo mmoja, au nikubali tu kwamba biashara siiwezi, nirudi nilikotoka?

Ni mimi, Nesi wa Getini

MSHAURI ANAJIBU

Nesi wa Getini,

Nimecheka kwenye pazia, nikaacha kucheka kwenye simu, kwa hiyo tuanze na simu. "Tunaendelea naye" mnaendelea naye kwenda wapi, mtu ameshafika juu ya stuli? Binti yule yuko mbali, hana macho ya kumwona baba yake isipokuwa yako. Kila anapolala anaamini baba hawezi kufika getini. Mdogo wako anauliza nani kaumia. Kaumia huyo binti, na hofu anayoibeba haina sababu. Umekosea, na unajua umekosea, ndiyo maana umeniandikia mimi badala ya kumwandikia nesi mkuu.

Nakupa pole pia, kwa sababu unampenda mzee na yeye anakupenda. Lakini umechanganya mambo mawili, mama. Mguu wake umepona. Kilichobaki ni upweke, na upweke haupimwi presha. Ukiendelea kumwita mgonjwa ili apate wa kuongea naye, ataendelea kuigiza ugonjwa, na mtu aliyepata kiharusi akishika ukuta kila siku kwa kuigiza, ipo siku atashika kweli. Hilo sihitaji kukufundisha, wewe ndiye unayelijua.

Kwa hiyo nenda kwake, kaa naye, mpigie binti simu mbele yake, na mzee mwenyewe ndiye aseme. Usimsemee. Akishaongea, mtembeze hadi getini na kurudi, binti akisikiliza. Kama watoto wanataka mtu wa kumtembelea baba yao na kupiga naye soga, hiyo nayo ni kazi halali, mpangieni mhudumu mmoja kwa jina hilohilo la kutembelea, na bei iwe ya kutembelea, si ya kuuguza. Halafu muulize mzee kwa nini cherehani yake imefunikwa. Fundi mwenye mikono iliyorudi hakosi wa kumbishia hodi, tatizo lake amefunga mlango akisubiri mtu mmoja tu. Wahudumu wako wanahitaji aproni. Mpelekee vitambaa, umlipe, na ukifika mlangoni kwake usiwe na begi.

Mdogo wako usimwone adui. Ana hoja, na wewe kwa kiburi cha kazi yako hutaki kumsikia. Wodini ulikuwa unatandika kitanda ukijua korido imejaa. Hapo nje hakuna korido, Nesi. Ukimruhusu mtu, hakuna anayesubiri isipokuwa uliyemtafuta mwenyewe, na hilo hukulifikiria siku uliyoaga. Mtihani wako wa geti ni mzuri kuliko tangazo lolote, lakini unaufanya ndani ya ua kisha unaondoka kimyakimya kama aliyeazima kitu. Mwachie mdogo wako kazi hiyo. Kila anayefika getini, awapigie simu watu wa nyumbani kwake, aulize ni nani wanayemjua amelala na hana wa kumsimamisha. Madaktari wanaokuelekezea wagonjwa, awapelekee habari kwamba fulani sasa anatembea. Mwambie hivi, "Mimi nawatoa, wewe unawaingiza," na umwache afanye. Akiwa na kazi ya kutafuta wageni, ataacha kuwang'ang'ania wenyeji. Na akitaka kuondoka hata baada ya hapo, mfungulie mlango kwa upendo, ni mdogo wako bado.

Kuhusu wodi. Kurudi si aibu, na ungeniambia unakumbuka wodi, ningekufungia mizigo mimi mwenyewe. Lakini katika barua yako yote sijaona mahali unapoikumbuka. Umetaja miguu iliyovimba. Unataka kurudi kwa sababu huko ni mwingine anayenuniwa. Mume wako anakuonea huruma, mshukuru, kisha mwambie bosi hununiwa, na chakula kinaliwa vilevile. Nesi mkuu mpe jibu leo, asante na hapana, ili nafasi ampe mwingine.

Nimemaliza ushauri, sasa nina shida yangu. Mama mkwe wangu alivunjika nyonga, yuko kwangu chumba cha nyuma, na wahudumu wamepita hapa, wapole wote, wamemvika kilemba cha ukoka kila asubuhi kwamba anaendelea vizuri, na hakuna hata mmoja aliyemwambia siku gani atasimama. Geti letu haliko mbali na dirisha lake, analiona akiwa kitandani. Namba yangu iko pale gazetini. Mwambie mdogo wako anipigie.