Jiwe la Mtungi wa Plamu

Jumatatu, 29 Mei

Mvua imeingia rasmi. Mtangazaji wa hali ya hewa katuambia huku anatabasamu, utadhani katuletea zawadi. Siku arobaini za unyevu! Nimetoa mashine ya kukausha hewa, viatu vyote nimevipanga juu ya magazeti. Shati la mume wangu, Shigeki, lina siku mbili kambani sebuleni na bado linanuka mbwa.

Mama mkwe ameanza kuulizia plamu. Kila asubuhi anataka dirisha lifunguliwe autazame mti. Bado ni za kijani, nikamwambia. Akasema anaona, miguu ndiyo imekufa, macho bado. Miaka themanini na nne, ulimi ni wembe.

Honami alipita na mwavuli mpya wa bluu. Ni mke wa Takuma, mdogo wake mume wangu. Wamehamia nyumba ya nyuma tangu Aprili, wametoka Tokyo. Alikuwa anapiga picha konokono ukutani. Konokono! Mama akacheka mpaka akakohoa. Miaka ishirini na saba niko nyumba hii, sijawahi kumchekesha hivyo.

Jumapili, 11 Juni

Tumepanda hekalu la juu kuangalia maua ya ajisai. Yamechanua vizuri, ngazi zote pande mbili ni bluu tupu. Kila mwaka mimi ndiye ninayemshika Mama mkono kwenye zile ngazi. Leo mkono kampa Honami. Mimi nikaambiwa nibebe chupa ya chai.

Nimetembea nyuma ya migongo yao miwili chini ya mwavuli mmoja. Mama alikuwa anamweleza kwamba rangi ya ua inatokana na udongo: hapa bluu, pale karibu na ukuta wa chokaa yanatoka ya waridi, na mmea ni ule ule. Honami akasema ajabu, kumbe! Mimi jambo hilo niliambiwa mwaka wangu wa pili, nikiwa nimeinama na jembe, nachimba mashimo ya miche.

Halafu, wakati wa chai, Mama kasema tu, kama anayeomba sukari: mwaka huu Honami ndiye atakayezitia plamu chumvi mtungini.

Shigeki akasema vizuri, vizuri, akachukua keki nyingine. Nilimimina chai.

Jumatano, 14 Juni

Niliandike hapa, maana sina pa kulisema. Miaka ishirini na saba nachuma plamu, naziosha, natoa vikonyo kwa kijiti cha mwanzi, nazifuta moja moja kama mayai. Chumvi sijawahi kuigusa. Kila mwaka bakuli la chumvi likitoka tu, Mama husema: Kazue, kalete jiwe. Jiwe la kukandamizia liko bandani, chini ya baiskeli. Nikirudi nalo, chumvi imeshaingia, inangojea uzito tu. Nimemwomba mara tatu anifundishe. Mwakani, Kazue. Mwakani.

Na anayetia chumvi ndiye anayerithi mtungi. Ule wa kahawia, uliomeguka mdomo, Mama naye aliachiwa na mama mkwe wake. Hakuna asiyejua hilo katika nyumba hii.

Nina wivu. Nina miaka hamsini na tatu, na nina wivu kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Jumamosi, 17 Juni

Leo ndiyo leo. Plamu zimeiva, za manjano, harufu yake imejaa stoo. Kilo kumi. Nimepanda ngazi mimi. Honami alishika ngazi kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili.

Wakati wa kutoa vikonyo akachana tatu. Mama akamwambia, taratibu mwanangu, kila mtu huanza hivyo. Mwanangu! Mwaka wangu wa kwanza nilichana moja. Mama aliichukua akaila mbele yangu, mbichi, kimya kimya, akatema kokwa.

Kisha Honami kauliza, "Mama, hatuwezi kupunguza chumvi kidogo? Daktari kamkataza Takuma, presha."

Nikaacha kufuta. Nilisubiri kwa hamu. Mimi niliomba hivyo hivyo kwa ajili ya Shigeki mwaka ule alipozidiwa, na jibu nililopewa ni kwamba anayeogopa chumvi akale jamu.

"Haya," Mama akasema. "Tupunguze kidogo."

Sikuamini masikio yangu. Halafu, bila hata kugeuka: "Kazue, kalete jiwe."

Bandani kuna mawe mawili. Kubwa lilikuwa chini ya baiskeli ya Shigeki. Dogo liko mlangoni, huwa tunalitumia kwa achari ya figili. Chumvi ikipungua jiwe linatakiwa liwe zito zaidi, plamu zitoe maji upesi na maji yazifunike. Hilo sijafundishwa na mtu. Limeniingia kwa macho.

Nilileta dogo. Mgongo unaniuma siku za mvua.

Mama alikuwa anafunga uzi kwenye karatasi ya mtungi mwingine, hakutazama. Honami alilipokea kwa mikono miwili, akaniinamia kabisa. Akaliweka.

Jumapili, 18 Juni

Jioni tulikwenda mtoni kuona vimulimuli. Mwaka huu ni wachache. Tulisimama dakika ishirini tunapigwa na manyunyu, na mmoja akaja. Akatua wapi? Kwenye mkono wa gauni la Honami. Basi.

Jumatano, 21 Juni

Honami anasafiri kesho. Shoga yake anaolewa Tokyo Jumamosi, halafu atapitia kwa mama yake, atarudi Jumatano. Alikuja na mwanasesere wa kitambaa cheupe, kichwa kimejazwa pamba, shingo imefungwa uzi. Wa kuombea jua. Kaniomba nimtundike dirishani kwetu, kwao hakuna mwangaza.

Na jingine. "Dada, naomba unitikisie mtungi kila asubuhi, maji yapite juu ya plamu. Mama kaniambia nikuachie wewe, hakuna anayeujua kama wewe."

Usijali, nikamwambia.

Anaujua mtungi, Kazue. Kuutikisa tu; chumvi ni ya mwingine.

Jumamosi, 24 Juni

Sijautikisa. Si Alhamisi, si jana, si leo. Kila nikifika mlango wa stoo nakumbuka kazi nyingine.

Jana nilimgeuza mwanasesere kichwa chini. Ukimgeuza hivyo analeta mvua, hata watoto wa chekechea wanajua. Nilimgeuza nikiwa peke yangu, na bado niliona haya. Sikumrudisha.

Tokyo mvua imenyesha kweli. Saa nane picha ikaingia kwenye simu: Honami peku, viatu mkononi, bibi harusi kajibanza naye chini ya ule mwavuli wa bluu, wote wawili wanacheka mpaka ufizi. Sijaona picha nzuri kama hiyo. Mama akataka ikuzwe. Shigeki akaikuza ikajaa kioo chote. Mama kaishika mpaka supu ya miso ikapoa.

Jumapili, 25 Juni

Nimefunua mtungi.

Maji hayajafika juu. Plamu za safu ya juu zimekaa kavu, mabega nje. Na kwenye moja, karibu na kikonyo, doa jeupe. Dogo kama punje ya mchele. Kuvu.

Dawa yake naijua. Unaitoa ile moja, unafuta mdomo wa mtungi kwa pombe kali, unaongeza jiwe, unatikisa. Dakika kumi. Pombe iko rafu ya juu, haihitaji hata kuchuchumia.

Nikafunika.

Mchana Mama akauliza, plamu za Honami zinaendeleaje. Nzuri, nikamjibu. Akaweka vijiti chini, akanitazama. Akauliza tena kama mvua itakatika kesho. Sidhani, Mama.

Jumatatu, 26 Juni

Yamekuwa madoa manne. Moja limeanza kuota manyoya.

Asubuhi yote nimekuwa nikimwona Honami akifunua. Uso wake. Halafu Mama akisema, ah, ningempa Kazue. Nimeirudia rudia hiyo picha huku napiga pasi, ikawa tamu, tamu, halafu ghafla ikanichefua. Zile plamu nimechuma mimi. Ngazi nimepanda mimi. Nikiziacha zioze, naozesha kazi ya mikono yangu, na Shigeki asubuhi za mwaka mzima atakula wali mkavu.

Mchana nilikwenda sokoni, foleni ndefu, nikarudi saa kumi nimelowa. Nimechoka. Kesho asubuhi nitazisafisha. Nimeamua.

Jumanne, 27 Juni

Saa mbili nikateremka stoo na pombe na kitambaa kisafi. Nikafunua.

Hakuna doa. Mdomo wa mtungi umefutwa, unanukia pombe. Maji yamepanda, meupe, safi, yamezifunika plamu zote. Na juu yake jiwe kubwa.

Nilidhani naota. Kisha nikaona sakafu. Unyevu unaacha alama. Vijiduara vya mpira wa fimbo ya Mama, kuanzia ngazi mpaka mtungini, kuanzia mtungini mpaka mlango wa nyuma. Mama hateremki zile ngazi tatu peke yake tangu baridi, daktari kamkataza. Bandani baiskeli ya Shigeki imelazwa ubavu. Amelibebaje? Jiwe lile mimi mwenyewe nalikumbatia kama mtoto.

Nilipopanda alikuwa amekaa mezani. Akachukua plamu ya mwaka jana kwa vijiti vyake, akaniwekea juu ya wali, kama afanyavyo kila asubuhi. Nikaila. Nimekaa na kokwa mdomoni mpaka nilipomaliza kuosha vyombo.

Anajua nilijua. Na jiwe dogo nililileta mimi.

Jumatano, 28 Juni

Honami karudi na biskuti. Hata hajavua koti la mvua, kateremka stoo. Nikasikia anapiga makofi kama mtoto.

"Dada, umezitunza! Tazama maji yake!" Kaninyanyua mikono yote miwili.

Mama kutoka mezani: "Ndiyo. Kazue kazitunza."

Biskuti zilikuwa za limau. Nimesema tumbo linaniuma.

Ijumaa, 30 Juni

Nusu ya mwaka imekwisha. Tumekwenda hekalu la mtaani kupita kwenye pete ya matete, tujivue uchafu wa miezi sita. Kushoto, kulia, kushoto tena. Mvua ilikuwa nyepesi. Shigeki alikosea upande kama kila mwaka, akagongana na mwenyekiti wa mtaa.

Nilidhani Mama atamshika Honami. Kanishika mimi. Kaniegemea kwa uzito wake wote, na si mwepesi jinsi anavyoonekana. Katikati ya pete akasimama, watu wanasubiri nyuma yetu.

"Miguu inaniuma tangu Jumatatu," akasema.

Ni hilo tu. Nikasema pole, Mama. Akasema haya, twende, tunaziba njia.

Nyumbani tukala keki nyeupe za pembetatu, zile za maharage mekundu juu. Nimepita kwenye pete mara tatu na sijisikii nimetakata popote.

Jumapili, 2 Julai

Naandika haraka, niko chumbani. Nimesema nafuata aproni.

Asubuhi tumetia majani mekundu ya shiso kwenye mtungi mkubwa. Maji yakageuka rangi hapo hapo, Honami akashindwa hata kupiga picha. Jiwe kubwa tumeliosha, tukalipeleka bandani likauke pamoja na lile dogo.

Nikadhani tumemaliza. Mama kamwagiza Shigeki achume zilizobaki, zile za kileleni kabisa. Kilo nne. Zitaingia mtungi mdogo mweupe. Tumeziosha, tumezifuta, Honami hakuchana hata moja. Bakuli la chumvi likatoka. Miguu yangu yenyewe ikaanza kwenda mlangoni.

"Kazue, unakwenda wapi?"

Nikasema, kuleta jiwe.

"Kaa. Chumvi unatia wewe leo. Mkono wangu unatetemeka." Akanisukumia bakuli. Chumvi nyeupe, ya chembe kubwa, ina unyevu. Miaka ishirini na saba. Nikaweka vidole ndani yake mbele ya wote, na nilitaka kulia, na si kwa furaha, au si kwa furaha peke yake.

Nikauliza, kiasi gani, Mama?

"Unakijua," akasema.

Kisha akamgeukia Honami, kwa sauti ile ile aliyonituma nayo mimi kila Juni. "Honami, kalete jiwe. Yako mawili. Kazue atakwambia ni lipi."

Honami akainuka, akavaa kandambili, akanitazama akisubiri. Mama hakunitazama. Alikuwa anapangusa mdomo wa mtungi kwa kitambaa, polepole, mahali palepale.

Nikasema nafuata aproni.

Naisikia mvua juu ya bati la banda. Honami keshafika huko, anasukuma baiskeli. Anaita.

"Dada! Kubwa au dogo?"

Mama naye, kule chini, anasubiri jibu.