Baba Aline, Wakwe Zetu Ni Watu wa Mpakani

Bellevue, Johannesburg
Mwezi wa nne, 2014

Baba Aline,

Kaa vizuri huko uliko, maana nina habari. Binti yako ameolewa. Kanisani, kwa gauni jeupe, na mumewe ni Mzungu. Usishtuke. Mimi nimeshashtuka kwa niaba yetu sote wawili, na unanijua, nikishtuka ninashtuka sawasawa.

Anaitwa Tomek. Alikuja chuo kikuu hapa Braamfontein kusoma mambo ya mawe. Aline alikuwa akiuza chai na maandazi nje ya lango, na huyu kijana alinunua andazi asubuhi, akarudi mchana, akarudi jioni, mpaka wauzaji wenzake Aline wakaanza kumwita Bwana Andazi. Njaa peke yake haimfanyi mtu ale hivyo. Siku ya kwanza alipokuja nyumbani aliinama mlangoni kwa urefu wake, akavua viatu bila kuambiwa, akashika mkono wangu akaubusu. Mkono wangu, Baba Aline, na ulinuka vitunguu! Nikasema moyoni, huyu kafundwa.

Lakini nikakumbuka maneno yako. Ulikuwa ukisema mtoto wa kike hatolewi kwa watu usiojua kilima chao. Kwetu haitoshi mtu kutaja jina. Unamuuliza: wa kilima gani? Maji mnateka wapi? Majirani wanawasemaje? Na kuuliza ni kazi ya baba. Wewe ulishatangulia, mwaka ule wa Kombe la Dunia, vuvuzela zinalia nje na mimi nalia ndani. Basi nikasema, nitaifanya mimi, na elimu yangu ya kambi ya wakimbizi.

Nikamkalisha Tomek jikoni. Kwenu wapi? Polandi. Polandi si chumba, sehemu gani? Akasema mji mdogo, Vwodava. Wao wanaandika kwa herufi iliyokatwa mstari katikati, mimi naandika ninavyosikia. Uko upande gani? Mashariki kabisa, akasema, juu ya mto unaoitwa Bug. Na ng'ambo ya mto? Ng'ambo ni nchi nyingine, Belarusi. Na ukienda kusini kidogo, ng'ambo inakuwa nchi ya tatu, Ukraini.

Mwiko ulinidondoka. Mpakani! Dunia yote hii, na hiyo Polandi yote, mtoto wangu kaenda kuokota mtu wa mpakani, tena wa mtoni. Wewe unajua. Sisi mto Malagarazi ulikuwa chini ya shamba letu, nao ni mpaka, tukaona nani anauvuka na kwa nini. Kwa watu wa mpakani vita hupita mlangoni vikienda, vikapita tena vikirudi. Nikamwambia, Tomek, wewe ni mtoto mzuri, kula ushibe, lakini binti sikupi.

Aline alininunia. Aliniambia, "Mama, hakuna nchi isiyo na mwisho. Unataka niolewe katikati ya ramani?" Nikamjibu ndiyo, katikati kuna ubaya gani? Akabamiza mlango mpaka Gogo, yule bibi mwenye nyumba, akaniita kupitia ukutani kuuliza kama nimeanguka.

Tomek hakukata tamaa. Alirudi na kompyuta akanionyesha mji wao jinsi ndege anavyouona. Paa nyekundu, misitu, maziwa madogo yamezagaa kama maji yaliyomwagika, na ule mto unajipinda kama vile haujaamua uende wapi. Nikamwambia, mto mzuri, mpaka mbaya. Akacheka. Akasema, basi Mama, nitawaita wazazi wangu waje uwaulize wenyewe. Nilidhani ni maneno ya vijana. Eish! Mwezi wa kumi wakatua.

Baba Tomek ni mfupi, mnene, masharubu kama ufagio, alikuwa mtu wa misitu kabla ya kustaafu. Mama Tomek ni kama mimi. Alikuja na chupa ya asali imefungwa ndani ya soksi isivunjike, na uyoga mkavu, na picha za mtakatifu. Alipoingia tu akaenda moja kwa moja jikoni kuosha vyombo. Hatuna lugha hata moja pamoja naye, lakini tuligombania lile sifongo.

Tukafanya mambo kama kwetu. Meza tuliiweka uani, Gogo akapika pombe ya mtama, tukaweka na mirija. Shemeji Pascal ndiye aliyesema kwa niaba yako. Alivaa koti lako la kijivu. Linamkaa kuliko lilivyokukaa wewe, usinikasirikie. Akasimama, akakohoa kama mtu mwenye ng'ombe wengi, akauliza, "Ninyi wageni, mmetoka kilima gani?" Aline anageuza kwa Kiingereza, Tomek anageuza kwa Kipolandi.

Baba Tomek akasema kwao hakuna vilima, ni tambarare. Pascal akasema, "Basi hamna kwenu! Mahari inapanda!" Watu wakacheka, na Baba Tomek akacheka, kisha akauliza kama anaruhusiwa kuushika mji wake auweke mezani. Akamvua mkewe skafu ya bluu, akaitandaza kutoka ukingo mpaka ukingo. Huo ndio mto. Akaweka boksi la mkate upande mmoja: hili ni soko letu, maduka ya zamani yamejengwa yakazunguka pande nne. Chupa ya chumvi, kanisa letu Wakatoliki. Kopo la sukari, kanisa la Waorthodoksi. Halafu akachukua glasi tupu akaitazama kidogo kabla ya kuiweka. Hii ni nyumba ya sala ya Wayahudi. Kubwa, nzuri, bado imesimama. Zaidi ya nusu ya mji walikuwa Wayahudi, akasema. Wajerumani waliwachukua wakawaua, msituni, si mbali. Leo ile nyumba ni ya makumbusho. Watu wanaingia kutazama, hakuna anayeingia kusali.

Nilitaka kuuliza majirani walikuwa wapi. Sisi tunalijua swali hilo, na yeye alikuwa amelijibu kwa namna alivyoishika ile glasi.

Pascal akamsaidia, akauliza mto huo umekuwa mpaka tangu lini. Kumbe si tangu zamani! Babu yake alizaliwa chini ya mfalme wa Urusi. Baba yake alizaliwa Polandi, na kule ng'ambo kulikuwa Polandi vilevile. Vita vilipoisha wakubwa wakakaa mahali mbali wakasema mstari upite hapa, ndani ya maji. Mama yake Baba Tomek alikuwa wa ng'ambo, ameolewa upande huu. Hakuhama, hakufungasha hata sufuria, siku moja akaamka mama yake mzazi yuko nchi ya nje. Wakawa wanakwenda kufua, binti ukingo huu, mama ukingo ule, wanaonana tu, mpaka askari wakakataza. Na Waorthodoksi wengi wakapakiwa kwenye treni wakapelekwa mbali, lile kopo la sukari likabaki na watu wachache. Siku hizi, akasema, yeye huvua samaki upande wake, na kule kuna mzee mwenye kofia ya kijani anavua upande wake, wanapungiana mkono.

Pascal akauliza, "Na samaki je? Wanapanga foleni ya vibali Pretoria kama sisi?" Tomek alipogeuza hiyo baba yake akapiga meza, kanisa likaanguka.

Sasa mimi, Baba Aline. Mwanamke hapaswi kusema katika shughuli ile, najua. Lakini lilikuwa limenikaba. Nikasema, "Mimi nina swali moja tu. Vita vikija, mnakimbilia upande gani?"

Aline akafunika uso. "Mama, hiyo siwezi kuitafsiri." Pascal akasema, "Tafsiri, mwanangu. Ndiyo baba yako angeuliza." Ni kweli, si kweli? Ungeuliza hilo.

Likageuzwa, likafika. Nikasikia teksi zikipiga honi kule Yeoville. Baba Tomek akaweka kidole mashariki ya skafu, akatikisa kichwa: huko walitoka askari. Akakipeleka magharibi, akatikisa kichwa: huko nako walitoka. Kidole kikaenda kikarudi, kikaenda kikarudi, hakikupata pa kukaa. Nikasema moyoni, ndiyo basi, jibu ndilo hilo, harusi imekufa.

Ndipo Mama Tomek akasimama. Tangu asubuhi alikuwa hajasema neno mezani. Akaung'oa ule mto, kanisa, sukari, vyote vikabiringika, akazunguka meza akanifunga skafu mabegani, akasema maneno mafupi. Tomek akageuza. Akasema, "Mama anasema, zamani hatukuwa na pa kukimbilia. Sasa tunapo, ni kwako. Anauliza, una kitanda?"

Unajua mimi silii mbele ya watu. Nililia mbele ya watu. Nikamwambia kitanda kipo, ila ajue nyumba hii choo ni kimoja na asubuhi kuna foleni. Akasema kwao pia ilikuwa hivyo alipokuwa msichana, yeye huamka mapema. Gogo akapiga vigelegele vya Kizulu, mimi nikapiga vya kwetu, Baba Tomek akatafuta mrija wake akanywa pombe ya mtama hadi ikakoroma chini. Ndivyo nilivyomtoa binti yako. Kama nimekosea, niambie katika ndoto, lakini taratibu.

Bado hujasikia la harusini. Tumetoka kanisani Yeoville, mimi na maharusi nyuma ya gari, riboni, maua, mijakaranda imemwaga zambarau barabara nzima. Tunakata kona kuingia mtaani kwetu, naona kamba. Kamba imefungwa toka mti hadi mti, na watu wamejaa nyuma yake, na mbele kasimama mwanamume mwenye kofia ya sare na fimbo mkononi.

Nilikumbuka 2008, wageni walipokuwa wakipigwa, tulivyolala chini kituo cha polisi na godoro moja. Nilikumbuka na vizuizi vya kule nyumbani. Baba Aline, nilimlalia Aline mzimamzima na gauni lake, nikachomoa kibali changu cha ukimbizi kwenye sidiria, nikakitoa dirishani, napiga kelele, "Tuna karatasi! Tuna karatasi!"

Alikuwa ni Baba Tomek. Kofia ni ya marehemu mume wa Gogo, alikuwa mtu wa reli, na fimbo ni ufagio wangu mwenyewe. Kumbe kwao ndiyo desturi, majirani hufunga njia ya maharusi, hawapiti mpaka watoe chupa. Alikuwa amezunguka mlango kwa mlango bila lugha, amewakusanya wasusi, na mwenye kiduka cha spaza, na walinzi uliokuwa ukilinda nao Hillbrow, hata wale wa nyumba ya kona ambao hawajawahi kutujibu salamu. Aliponiona uso aliutupa ufagio. Akaja dirishani, akapokea kibali changu kwa mikono miwili. Akakisoma chote, polepole, yeye asiyejua hata neno la Kiingereza. Akakibusu, akanirudishia. Nyuma yake Gogo anapiga kelele, "Hayi, makoti, bibi harusi! Hapiti mtu hapa bila soda!" Nikaanza kucheka, nikashindwa kuacha, vipodozi vyote vikaingia shingoni. Maisha yangu yote nimesimamishwa njiani. Ile ndiyo mara ya kwanza kusimamishwa na watu wanaonipenda.

Mwezi wa kwanza maharusi wakaondoka kwenda Polandi. Aline alinipigia kutoka kule, theluji magotini, anasema mto umeganda na Baba Tomek ametoboa tundu anavua vilevile. Nikamwambia asikanyage hapo. Akasema, "Mama, nimeshakanyaga." Eish, ni mtoto wako huyo.

Sasa redio inasema kule Ukraini kuna fujo, na Ukraini ndiyo ile nchi ya tatu. Wiki ya kwanza nilipiga simu mpaka vocha za spaza zikaisha. Mama Tomek akaichukua simu kwa Aline akaniambia kwa Kiswahili alichofundishwa, "Mama Aline, lala." Nikalala, Baba Aline. Naogopa bado, siwezi kukudanganya, lakini nalala.

Na Aline ana mimba. Haya, nimesema, nilitaka kuifikisha polepole nikashindwa. Atajifungua mwezi wa nane, na wameniandikia barua ya mwaliko, na Pascal ananisindikiza kufuatilia hati ya kusafiria.

Kuna jambo sikukuambia. Siku ile uani, vyombo vilipoondolewa, Mama Tomek aliniuliza nasi je, kwetu pakoje. Ni haki yake, wao walishatandaza kwao mbele yetu. Mimi nikasema chai inapoa. Tangu tuvuke mpaka sijawahi kukitaja kilima chetu mbele ya mtu, wewe unajua, hata Aline hakijui vizuri.

Basi nakuahidi. Nikifika Vwodava nitaomba meza na kitambaa. Nitaanza na Malagarazi, nitapanda nao, nitaweka shamba la baba yako, migomba, kisima, njia ya kwenda kanisani, na pale uliponisimamisha mara ya kwanza ukajifanya umepotea. Nitawataja majirani zetu kwa majina, wote, waliobaki na wasiobaki. Mjukuu wako atakuwa mapajani mwangu anasikia.

Pumzika, mume wangu. Wakwe zako wanakusalimu.

Ni mimi mkeo,
Mama Aline