Nyumba ya Baba Juu ya Meza ya Kutikisa

Baba yangu,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Kifua kinaendeleaje na baridi hii ya Juni? Kaka Leonsi ameniambia kikohozi kimepungua, ila bado unaamka mwenyewe kuwatoa maksai zizini. Ameniambia pia ulezi umeshaingia kihengeni, nikafurahi. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine aliyonieleza kaka yangu ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu, kwa sababu nikianza kuyasema kwenye simu sauti inakatika, na wewe unadhani ni mtandao.

Huku Japani ni majira ya mvua, inanyesha bila kuchoka na nguo hazikauki. Hujawahi kuniuliza hasa ninafanya nini. Nasikia ukiulizwa kigangoni unajibu kwamba binti yako ni fundi wa matetemeko, basi. Leo acha nikueleze, maana usipolielewa hili hutaelewa jibu langu.

Tunatengeneza kifaa kinachofanana na shokapu ya gari, kirefu kama mtu mzima, kinachofungwa katikati ya nguzo za ghorofa. Ndani yake kuna mafuta yaliyochanganywa na unga laini wa chuma. Umeme ukipita, mafuta yale yanakuwa mazito kama ugali. Ukikatwa, yanarudi kuwa mepesi kama uji. Kompyuta inasikiliza jengo linavyoyumba, kisha inakiamuru kifaa: kaza, legeza, kaza. Hakihitaji umeme mwingi, betri inatosha, kwa sababu hakilisukumi jengo. Ni kama ulivyokuwa ukishika kamba ya dume jeuri. Hukumvuta. Ulimkazia na kumlegezea mpaka nguvu zikamwishia. Siku nilipokielewa kifaa hiki nilikukumbuka wewe, nikacheka peke yangu maabara.

Kisha tetemeko likapita kwetu. Leonsi akanipigia akihema, akasema wote mko salama, lakini ukuta wa chumba chenu umepasuka kutoka dirishani hadi kwenye bati, na kona ya mashariki imeachana kuanzia kwenye msingi, kiasi cha kuingiza mkono. Ulilala jikoni siku chache, halafu ukarudisha godoro ndani. Leonsi alikusihi. Katekista naye akaja kukusihi. Ukawajibu kwamba matofali yale uliyachoma wewe, mama akiteka maji, na kwamba mama alifia kwenye chumba kile, kwa hiyo hukioni kisa cha kukikimbia kwa ajili ya ufa. Ndipo ukaomba simu.

"Wewe ndiye uliyesomea," uliniambia. "Ukisema inasimama, nalala. Ukisema haisimami, sema mwenyewe, usimtume kaka yako."

Nikakuomba unipe muda nipime. Nilikuwa na tumaini, Baba. Nilidhani hatimaye nimepata kazi niliyojia huku.

Nilimwomba profesa wangu, mzee mpole anayeongea kwa sauti ya chini, aniruhusu kutumia meza ya kutikisa. Ni jukwaa la chuma linalosukumwa na mitambo kama ardhi inavyosukumwa. Leonsi alinitumia picha na vipimo. Nikaijenga nyumba yako, ndogo, inanifika kiunoni, kwa vitofali vya kuchoma nilivyounganisha kwa tope kama ulivyounganisha wewe. Wenzangu walinishangaa nimejaa tope hadi kwenye viwiko, kisha wakaja kunisaidia. Niliipaka hata chokaa. Chokaa haina maana yoyote kwenye kipimo, ila nilitaka ifanane.

Mara ya kwanza tuliitikisa bila kifaa. Kona ya mashariki ilifunguka, ukuta wa chumba ukaangukia ndani. Ndani, Baba, upande wa kitanda.

Nikaijenga upya. Safari hii nilifunga vifaa vidogo kwenye kona zote, nikaunganisha betri na kompyuta, nikakagua kila waya. Mtambo ulipowashwa nilikuwa nasali kimoyomoyo, macho yangu yakiwa kwenye skrini. Vifaa havikusogea. Mafuta hayakupata hata nafasi ya kukaza. Ukuta ulipasuka palepale nilipokaza skrubu, ukaanguka, kifaa kikabaki kinaning'inia na kipande cha tofali. Profesa akaja kusimama karibu nami.

"Kifaa chetu kinatuliza jengo linaloyumba," akasema. "Nyumba hii haiyumbi. Inavunjika kwanza. Kifaa hakina cha kushika."

Nilikuwa nalijua hilo tangu darasani. Ila niliamini kwamba kwa nyumba yetu mambo yatakuwa tofauti, sijui kwa nini. Niliokota vile vitofali kimoja kimoja.

Tangu siku ile naenda maabara kwa miguu tu, moyo hauendi. Nikiinua macho mjini naona maghorofa yanayolindwa na kazi ninayoifanya, yamejaa watu nisiowajua, na najua wanalala salama kuliko wewe. Miaka yote hii, hata siku ya mazishi ya mama niliyoyasikiliza kwenye simu, nilijipa moyo kwamba najifunza kitu cha kuleta nyumbani. Sina cha kuleta. Leonsi anataka kukujengea nyumba nyingine yenye lenta ya zege na nondo kuzunguka kuta zote, na amefikiri vizuri. Lakini hii yako imepasuka hadi kwenye msingi, hakuna cha kuifunga kikaishika.

Ulitaka niseme mwenyewe. Haisimami.

Huenda tetemeko jingine lisije kwa miaka mingi, huenda likaja kesho. Hakuna ajuaye, hata hawa wa huku wenye mitambo yao. Lakini likija, ukuta ule utakuangukia kitandani. Nimeuona ukianguka mara mbili, na sina nguvu ya kuuona mara ya tatu. Toka, Baba. Mwache Leonsi aezue bati na kuziangusha kuta. Najua nakuomba uvunje mahali mama alipovuta pumzi ya mwisho, na siko hapo hata kukushika mkono.

Msalimie kaka Leonsi, na umwombe akusomee barua hii polepole. Wifi yangu, mkewe, nashukuru kwa uji anaokupikia kila asubuhi. Nisalimie shangazi Gaudensia, dada yako wa Namanyere. Akikukaribisha ukakae kwake mpaka nyumba mpya iishe, tafadhali usikatae. Katekista naye mwambie nimesikia alivyohangaika.

Nitapiga simu Jumapili usiku, saa ya kulala. Sitakuuliza umelala wapi. Nitasikiliza tu kama upepo wa kwetu unavuma kwenye simu, nijue uko nje ya chumba kile.

Mimi mwanao,
Restituta